Mwanangu ana miaka 3, nani atamlipia nasari?

Salaam Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Busia, upande wetu wa Uganda. Nauza mukene sokoni, wale dagaa wakavu, na msimu wa nyanya naongeza nyanya. Baba watoto ni utingo wa lori la mizigo. Safari zake ni Mombasa na Kampala, Kampala na Mombasa, kwa hiyo kwa mwezi analala nyumbani siku nne au tano. Mkubwa wetu yuko P6, yaani darasa la sita, wa pili ni binti wa miaka 9, yuko P3, na kitinda mimba ametimiza miaka 3 mwezi wa Oktoba. Huyu wa mwisho ndiye aliyenifanya nikuandikie.

Wifi yangu anaishi Leicester, Uingereza. Mtoto wake na wangu wamepishana wiki mbili tu. Juzi alinipigia simu, furaha tele, mtoto amepata nafasi nasari, ataanza Januari na serikali inalipa. Akaniambia, "Hata huko kwenu lazima ipo, tatizo lako hupendi kuuliza." Basi nikauliza. Nasari ya mtu binafsi iliyo jirani nasi inataka shilingi 150,000 kwa muhula, hiyo ni bebi klasi, mwaka wa kwanza wa nasari. Juu yake kuna sare mbili na sweta, halafu karatasi ya mahitaji: mifagio 2, karatasi za chooni 6, rimu moja, sukari kilo 2, mche wa sabuni. Na intavyuu 10,000. Mtoto wa miaka 3 anaulizwa nini, Mwalimu? Mimi siku ikiwa nzuri narudi nyumbani na 12,000, baada ya kutenga pesa ya mzigo wa kesho.

Mwezi wa Septemba alikuja bwana mmoja sokoni na daftari kubwa lenye mihuri. Alisema serikali inafungua nasari ya bure karibu na soko, nafasi ni chache, kila mama aandikishe mtoto mapema, fomu ni 30,000. Tulikuwa akina mama tisa, wote tulimtumia kwa simu. Hadi leo nasari hatujaiona, na namba yake haipatikani. Mume wangu sijamwambia. Naona aibu.

Yeye msimamo wake ni mmoja, nasari ya nini? Anasema yeye hakusoma nasari, mimi sikusoma, tungoje mtoto afike miaka 6 aingie P1 kwenye UPE, ule mpango wa serikali wa elimu ya msingi bila karo, kama wenzake. Lakini mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya hapa mtaani aliniambia kwamba P1 wanaangalia kwanza waliotoka topu klasi, mwaka wa mwisho wa nasari. Jirani naye ananishauri nimvushe mtoto upande wa Kenya, huko eti nasari ni za kaunti.

Mchana mtoto anashinda wapi? Zamani nilikuwa naye sokoni, chini ya meza. Siku moja nikiwa nampimia mteja alitoka, akafika barabarani yanakopita malori. Kijana wa bodaboda ndiye aliyemdaka kwa shati. Tangu siku hiyo nikaacha kumpeleka. Siku za soko kubwa, ambazo ni mbili kwa wiki, namwachia dada yake wa P3. Siku nyingine jirani ananisaidia.

Naomba unijibu wazi. Kuna nasari inayolipiwa na serikali ya Uganda? Kama ipo, nijiandikishe wapi? Kama haipo, mwanangu akikosa nasari ndiyo amebaki nyuma maisha yake yote?

Mama wa Mukene, Busia

*

Mama wa Mukene, salaam, na pole kwa yote.

Umeomba jibu la wazi. Hapana, nasari ambayo serikali inamlipia mtoto karo kama inavyolipia P1 hatuna. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inaitaja elimu ya awali kuwa ngazi ya kwanza, lakini imeikabidhi kwa watu na mashirika binafsi, na gharama yake imeiweka kwa mzazi. Serikali inatoa leseni, inakagua na inaweka mtaala. Pesa yake kwa mtoto inaanzia P1, na imekuwa hivyo tangu UPE ilipoanza mwaka 1997. Hata ukiona madarasa ya nasari ndani ya ua wa shule ya serikali, mara nyingi yanaendeshwa na wazazi au kanisa au msikiti uliojenga shule hiyo, na karo iko palepale. Mahali ambapo watoto wadogo husoma bila karo ni vile vituo vya mashirika ya misaada, kwa mfano kwenye makazi ya wakimbizi, Nakivale au Bidi Bidi. Busia mjini usikae ukivingoja.

Kwa hiyo yule bwana wa daftari aliwauzia kitu ambacho hakipo. Usijilaumu. Alikuambia jambo ambalo kila mama anatamani liwe kweli, na ni jambo la haki kabisa kulitamani, ndiyo maana lilikuingia. Lakini msinyamaze. Mlimtumia kwa simu, basi kila mmoja wenu ana ujumbe wenye jina la mwenye laini, tarehe na kiasi. Msifute hata mmoja. Nendeni wote tisa kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa wenu, awaandikie barua, kisha polisi. Mama mmoja na 30,000 yake wanaweza kumwambia arudi kesho. Akina mama tisa na 270,000 ni kesi. Na mume wako mwambie wewe mwenyewe kabla hajalisikia kwa watu wa barabarani. Kumbuka pia kwamba uandikishaji wa serikali, uwe wa shule au wa cheti, haulipwi kwa mtu anayepita mezani kwako na daftari. Palipo na ada, unapewa namba ya malipo unakwenda benki au unalipa kwa simu kwa namba hiyo, na risiti inatoka kwa jina la ofisi.

Wifi yako hakukudanganya. Uingereza, pale Leicester, kila mtoto wa miaka 3 na 4 ana saa 15 kwa wiki kwa wiki 38 za mwaka, na serikali inailipa nasari kupitia halmashauri. Haki hiyo inaanza muhula unaofuata baada ya mtoto kutimiza miaka 3, na ndiyo maana mwanawe wa Oktoba anaanza Januari. Wazazi wanaofanya kazi wakitimiza masharti wanapata saa 30. Hata hivyo saa 15 ni saa tatu kwa siku, na chakula cha mchana au saa za ziada nasari nyingi zinamtoza mzazi. Nakueleza haya ili ujue kwamba ulichokitaka si ndoto ya mama maskini. Tanzania nao wameweka darasa la awali ndani ya shule za msingi za umma, na ada walishaifuta. Kwetu halijafanyika, na mbunge akija kuomba kura sokoni hapo mmuulize swali hilo yeye, mbele ya watu.

Kuhusu kuvuka mpaka, jirani yako anasema kweli nusu. Kenya, tangu Katiba ya 2010, elimu ya awali iko chini ya kaunti. Lakini PP1, darasa lao la kwanza la awali, inaanzia miaka 4, na wako ana 3. Halafu fikiria na barabara. Mtoto aliyedakwa kwa shati karibu na malori utamvusha kila asubuhi katikati ya foleni ya malori ya mpakani, wewe mwenye meza ya mukene ya kufungua? Kama ungekuwa na mama mdogo anayelala upande ule ningesema sawa. Huna, basi tuliache.

Sasa nije kwenye barua yako yenyewe, ambayo nimeisoma mara tatu. Kila mara nasimama pale pale, kwenye sentensi uliyoipita mbio: "namwachia dada yake wa P3."

Muhula una wiki kama 12. Siku mbili za soko kila wiki ni siku 24, na mwaka una mihula mitatu. Huyo ni binti wa miaka 9 anayekosa siku kama 70 za shule kwa mwaka. Mama, nasari isiyokutoza hata shilingi umeshaipata, na anayeilipia ni mwanao wa kike. Sisemi hivi kukuumiza, najua ulivyofika hapo. Ulimwona mwanao amebakiza hatua mbili aingie chini ya gurudumu, ukashika kilichokuwa karibu. Ila umeandika ukurasa mzima kuhusu mtoto wa miaka 3 anayeweza kubaki nyuma, na anayebaki nyuma hivi sasa ni huyu mwingine.

Tena yuko P3, mahali pabaya pa kukosa. Kwa mtaala ulioanza 2007, shule nyingi za nje ya miji mikubwa hufundisha P1 hadi P3 kwa lugha ya pale mtoto anapoishi, kisha P4 ndiyo mwaka wa kuvuka kwenda Kiingereza. Nimefundisha miaka mingi na nimewaona wanaofika P4 wakiwa na mashimo ya P3. Mwalimu anaandika ubaoni, wenzake wananakili, yeye ananakili pia, mwandiko mzuri kabisa. Ukimwambia akusomee alichoandika anakutazama tu. Wengi wao ni wasichana, na ukiuliza nyumbani, kuna mdogo aliyekuwa akibebwa mgongoni.

Kwa hiyo swali la kwanza si "nasari ipi". Swali ni nani atakaa na mdogo siku hizo mbili, Februari shule zikifunguliwa, ili dada yake awe darasani. Na jibu umeliandika mwenyewe bila kujua. Mko tisa.

Akina mama tisa wa soko moja, wenye watoto wa umri mmoja, mlioweza kutoa 270,000 kumpa mtu msiyemjua. Fanyeni hivi. Tafuteni chumba au kibaraza chenye uzio, mbali na barabara, kwa mmoja wenu au msikitini au kanisani. Tafuteni mama mmoja mtulivu ambaye watoto humkimbilia, unamjua, kila mtaa una wa hivyo. Kila mtoto atoe 2,000 kwa siku ya soko. Tisa mara 2,000 ni 18,000. Mpeni yeye 10,000, unga wa uji na sukari na kuni vile 5,000, zinazobaki zitieni kwenye sanduku. Anzeni na siku mbili. Mwenyekiti wa LC1 ajue, na mmoja wenu aende ofisi ya elimu ya manispaa aeleze mnachofanya na aulize wanataka nini ili kituo kitambulike. Sera ya watoto wadogo ya mwaka 2007 ilivitambua vituo vya jamii na vituo vya nyumbani, si nasari za majengo peke yake. Mkienda kabla ya kuanza mtapokelewa kama watu wanaojenga. Mkisubiri mkaguzi awakute, mtaanza kwa kujitetea.

Usidhani nakupa kitu cha daraja la pili. Mwaka 1986 Mombasa, wazazi Waislamu waliokuwa na wasiwasi kama wako walianza na chumba kwenye madrasa na wanawake wa mtaani waliofunzwa kazi. Mpango huo wa Madrasa, ukisaidiwa na Wakfu wa Aga Khan, ulifika Zanzibar 1990 na kwetu Uganda 1993. Jamii inatoa chumba na kamati, walimu ni wanawake wa palepale, na vifaa ni vifuu, vifuniko vya chupa, mbegu, vipande vya kanga. Watoto waliopita huko waliingia P1 wakiwa na uwezo wa kusikiliza, kuuliza, kungoja zamu na kuhesabu.

Na hivyo ndivyo mtoto wa miaka 3 anavyohitaji. Niliwahi kukaa kwenye mkeka nyuma ya mtoto mmoja aliyekuwa na vifuniko vya soda kwenye kopo. Alivimwaga. Akatenga vyekundu, akatenga vya njano. Kisha akachukua kimoja kikubwa, akakiweka mbele, vidogo nyuma yake kwa mstari, akasema polepole, "Huyu mama. Hawa watoto. Wanakwenda soko." Akakuta kimoja kiko pembeni, akakirudisha kwenye mstari. "Wewe usiende barabarani." Ametenganisha rangi, amepanga kwa ukubwa, ametunga hadithi yenye mwanzo na hatari ndani yake, na kalamu hajashika. Siku hiyo hiyo nilipita kwenye nasari ya karo kubwa. Watoto wa umri ule ule, 40 darasani, wanaandika "a" ukurasa mzima, vidole vimekaza penseli hadi kucha zimekuwa nyeupe. Mama yao akija anaonyeshwa daftari lililojaa anafurahi. Mimi ningemchukua wa vifuniko.

Meza yako ya mukene pia ni darasa, siku asizokwenda kituoni. Mwache apange mafungu. "Niletee mafungu matatu. Ongeza moja. Sasa mangapi?" Kopo dogo linaingia mara ngapi kwenye kubwa? Jioni mtegee kitendawili, na umwimbie kwa lugha mnayoota nayo ndotoni, iwe Kisamia, Kiswahili au Kiteso. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha moja anakijia Kiingereza haraka kuliko mwenye maneno machache katika tatu.

Sasa nasari ya jirani na 150,000 zake. Bebi klasi si lazima. Hesabu nami: Februari hii angekuwa bebi, inayofuata mido, ya tatu topu, na ya nne ataingia P1 akiwa na miaka 6 na miezi minne, umri wake hasa. Ningekuwa wewe, ningemweka kwenye kituo chenu miaka miwili, na pesa ya nasari ningeikusanya kwa ajili ya topu peke yake. Elfu tano kwa wiki kwenye sanduku, nusu kutoka mezani kwako na nusu kutoka kwa baba watoto kila anaporudi safari, kwa miaka miwili inafika 520,000. Hiyo ni mihula mitatu ya leo na sare juu yake. Karo inaweza kupanda, kwa hiyo uliza pia kama mwenye nasari atakubali ulipe kwa wiki. Wengi hukubali wakiombwa muhula ukiwa haujaanza, na wengi hukubali mahitaji yaje kidogo kidogo, ila hawasemi hadi uulize.

Kabla hujatoa hata senti, nenda kaione. Usiende asubuhi ya kufungua shule wakati kila kitu kimefagiliwa, nenda saa nne siku ya kawaida. Anza na choo. Tundu la choo cha shimo lililokatwa kwa ajili ya mtu mzima ni shimo la kutisha kwa mtoto wa miaka 3, atajizuia hadi ajikojolee, kisha achekwe. Angalia kama kuna maji ya kunawa ambayo mkono wake unayafikia. Angalia geti linafungwa na nani. Kama fimbo iko juu ya meza, geuka urudi nyumbani. Adhabu ya viboko shuleni imekatazwa na sheria ya watoto iliyorekebishwa 2016, na anayemchapa mtoto wa bebi klasi hana cha kumfundisha. Omba kuona leseni, mwenye leseni huitundika ukutani. Halafu simama mlangoni usikilize. Darasa la watoto wadogo lililo kimya saa nne asubuhi linanitia hofu kuliko lenye kelele.

Andaa karatasi zake mapema. Kadi ya chanjo utadaiwa popote utakapokwenda, kwa sababu sheria ya chanjo ya 2017 inataka ionyeshwe mtoto anapoandikishwa, kuanzia vituo vya kulelea hadi shule ya msingi. Kama imepotea, rudi kwenye kituo cha afya alikochanjwa wakutafutie kwenye kitabu chao. Cheti cha kuzaliwa kinatoka NIRA, ofisi ya serikali ya vitambulisho na usajili. Usingoje wiki ya kufungua shule.

Mumeo mwambie yuko sahihi kwenye jambo moja kubwa. Sheria inasema elimu ya msingi ni ya kila mtoto kuanzia miaka 6. Inataja umri, haitaji cheti cha topu klasi. Shule ya UPE ikimkataa mtoto wa miaka 6 kwa sababu hakusoma nasari, mpande hadi kwa afisa elimu wa manispaa, na mwende wawili. Karo ya masomo hamtadaiwa, ingawa sare, madaftari na chakula vitabaki kwenu. Na hapana, mtoto asiyepita nasari hajapotea maisha yake yote. Ninyi wawili ni mfano, mnaendesha nyumba.

Lakini mwambie na upande wa pili. P1 ya leo si ile aliyosoma yeye. Mtoto ataketi na wenzake wengi sana, mwalimu mmoja, na wengi wao wameshajua kukaa, kushika penseli, kusema "naomba kwenda haja". Asiyezoea kuachana na mama yake anatumia muhula wote wa kwanza kulia na kuogopa. Kinachomfaa ni miaka miwili mitatu ya kucheza na wenzake chini ya mtu mzima anayemjali, na hilo mnaweza kumpa. Tena asije akapata wazo la kumpeleka P1 akiwa na miaka 4 kwa sababu P1 haina karo. Wazazi wanafanya hivyo, nawaelewa, na mtoto anarudia P1 mara mbili huku akiamini kwamba yeye ni mzito wa akili, kumbe ni mdogo tu.

Likizo ndiyo hii inaanza, wakubwa watakuwa nyumbani hadi mwanzoni mwa Februari. Mna wiki kama nane za kupata chumba, kupata yule mama mtulivu, na kujaribu siku mbili tatu ili watoto wazoeane. Waite wenzako nane jioni ya siku ya soko ijayo, mezani kwako, kabla hamjatawanyika. Waliochangia kudanganywa pamoja hawatakuwa wagumu kuchangia uji.

Na binti yako mwite leo, msikae mbele ya watu. Mwambie Februari siku za soko atakuwa darasani, na umwonyeshe kwenye kalenda. Likizo hii mwombe mwalimu wake wa P3 akuambie alipitwa na nini, kaka yake wa P6 amsomeshe saa moja kila jioni. Kazi ya kumlea mdogo wake mwaka mzima ameifanya bila kulipwa, hajamwacha afike barabarani hata siku moja. Mshukuru kwa maneno, asikie.

Niandikie mkishakutana, nyote tisa.

Mwalimu